Nchi Isiyoshuka Chini ya Shingo

Nchi ya Utulivuni haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuonyeshwa, na wenyewe hawaoni kwa nini iwemo. Nimefika, nimekaa, nimekula chakula chao, na nitasema niliyoyaona jinsi nilivyoyaona. Atakayebisha na ajiendee mwenyewe.

Mimi ni Bi Mwanatumu, kungwi wa Pangani, na wari wangu huniita Somo. Kazi yangu ni kufunda wari: namkalisha binti anayekwenda kuolewa, nafunga mlango, namweleza mambo ya ndoa bila kumung'unya maneno. Kiungo nakitaja kwa jina lake, awe amekaa hapo shangazi au mama mkwe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeingia katika nchi ile, na kwa nini wenyeji walikuwa wakivuka barabara wakiniona naja.

Aliyeniita ni Mwanakheri, mwari wangu, aliyeolewa huko na seremala mmoja jina lake Shaweji. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Somo, njoo. Nimeshindwa." Mwanakheri si mtu wa kushindwa ovyo, kwa hiyo nilikwenda.

Salamu yao ni "Umetulia?" na jibu lake ni "Nimetulia." Jibu jingine halipo. Mlinzi wa lango aliponisalimu hivyo nikamwambia kwamba nimechoka, miguu imevimba, na nina njaa ya kula mbuzi mzima. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza tena polepole, na akaendelea kuniuliza mpaka nilipojibu inavyotakiwa. Bendera yao ni ya buluu na katikati ina mto mweupe wa kulalia. Wauza samaki wananadi kwa kunong'ona, na watu wakitaka kupiga makofi wanagonganisha vidole viwili.

Nilicheka sana siku ile, kisha nikaelezwa sababu nikaacha kucheka. Zamani nchi hiyo iliingiliwa na kitu wanachokiita Mzizimo. Hakikuwa na homa wala kidonda. Kilimkuta mtu akiwa mzima, akakaa chini akitazama ukuta, akaacha kula, akaacha kuoga, akaacha kuitika jina lake. Wengine waliinuka ghafla wakaenda kisimani, na hawakwenda kuchota maji. Hapakuwa na ukoo uliosalimika. Ndipo waganga wa nchi ile walipopata tembe nyeupe, na watu waliozimeza, baada ya wiki kadhaa, wakanyanyuka, wakaoga, wakarudi makazini.

Sitaki mtu anisome vibaya: tembe ile ni kitu chema. Shaweji mwenyewe aliletwa nyumbani kutoka kisimani na mkewe, aliyemkimbilia na kumng'ang'ania kiunoni huku akipiga yowe. Tembe ndizo zilizomrudisha kwenye randa na msumeno wake. Nilipofika nilimkuta anatengeneza vitanda, mtu mpole, mwenye mikono mizuri, anayekushukuru hata ukimpisha mlangoni.

Tatizo ni sheria waliyoitunga baadaye. Wakubwa walikaa wakasema kwamba Mzizimo ni ugonjwa wa kichwa, kwa hiyo daktari anayeutibu hana ruhusa ya kuuliza habari za kiungo chochote kilichoko chini ya shingo. Waliiita Sheria ya Shingo. Ili isivunjwe kwa bahati mbaya, kila zahanati ikajengewa ubao mkubwa, kutoka ukuta hadi ukuta, wenye tundu. Mgonjwa anakaa nyuma ya ubao, anachomoza kichwa, na daktari anazungumza na hicho kichwa. Mwili unabaki nyuma na jamaa zake. Maswali ni matatu: Unalala? Unakula? Unacheka? Kichwa kikikubali yote, mgonjwa amepona.

Wizara yao ya afya nayo ina ghorofa mbili. Juu ni Wizara ya Juu, yenye mazulia na mapazia, na chini ni Wizara ya Chini, ambayo imefungwa kwa kufuli tangu ijengwe. Hakuna anayekubali kuitwa Waziri wa Chini. Nilisikia aliwahi kuteuliwa mmoja, lakini jina la cheo chake liliposomwa hadharani watu walicheka, na akajiuzulu kabla chai ya kumpongeza haijapoa.

Mwanakheri alinieleza shida yake tukiwa uani tunachambua mchele.

"Somo, mume wangu hanitaki."

"Kakwambia?"

"Angeniambia ingekuwa afadhali. Ananishukuru. Nikimpikia ananishukuru, nikimfulia ananishukuru. Nikimgusa ananipigapiga mkono, taratibu, mtu anavyompigapiga paka wa jirani. Halafu anageukia ukutani."

"Tangu lini?"

"Tangu apone."

Neno hilo lilipita masikioni mwangu nami sikulishika. Nilikuwa na jibu tayari, kama ilivyo kawaida yetu watu wa kazi hii. Nikatoa udi, nikatoa vikuba vya maua ya kunukia, nikamvalisha kanga mpya yenye maneno makali, nikamkumbusha kila nilichomfunda. Kesho yake asubuhi alikuja na macho mekundu. Shaweji alimwambia amependeza. Kisha akalia, akachukua shuka, akaenda kujilaza kwenye karakana yake.

"Basi ana mwanamke mwingine," nikasema, kwa uhakika wote. "Nenda ukadai talaka yako."

Nilikosea, na nilikosea kwa sauti ya kujiamini. Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Baraza la Ndoa hukaa katika ukumbi wa Wizara ya Juu, chini ya uenyekiti wa Waziri, Mheshimiwa Kisogo, mtu mnene mwenye sauti laini. Tulipofika wajumbe hao hao walikuwa bado katika mjadala wa zahanati. Daktari Mtulia, mganga mkuu wa zahanati ya mji, alikuwa ameomba tundu la ubao liongezwe upana wa vidole viwili.

"Vidole viwili vitatufikisha wapi?" akauliza Waziri.

"Kwenye mtulinga, Mheshimiwa, mfupa huu unaotoka shingoni kwenda begani. Wagonjwa wanaumia shingo."

Ukumbi ukachafuka, kwa kiasi cha kuchafuka kinachoruhusiwa huko. Mjumbe mmoja alisimama akasema yeye ana mabinti nyumbani. Mwingine akasema, leo ni mtulinga, kesho tutafika wapi? Wa tatu akakumbusha kwamba mwananchi aliye hai hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa wenye sababu ya kulalamika wote wako makaburini na hawajaleta lalamiko lolote. Hoja ikakataliwa. Daktari Mtulia, mtu mwembamba mwenye miwani, akaketi bila kubishana.

Ikafika zamu ya Mwanakheri.

"Unadai nini, mama?" Waziri akauliza.

"Talaka, Mheshimiwa."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

"Anakupigia kelele?"

"Laiti angepiga."

Waziri akawatazama wenzake, akarudi kwake. "Mnalala?"

Hapa lazima nieleze jambo la lugha. Watu wa Utulivuni wamekuwa wakiyaacha maneno ya mwili moja baada ya jingine, mpaka kitenzi cha kulala kimebaki peke yake kubeba kila kitu: usingizi, kitanda na ndoa nzima. Mwanakheri nilimfunda mimi, lakini miaka ya kuishi nao ilikuwa imemfunga ulimi. Akainamisha macho, akasema alichodhani kinatosha.

"Mheshimiwa, tunalala tu."

Ukumbi ukashusha pumzi kwa furaha.

"Tu!" Waziri akarudia, akainua kidole. "Mmesikia, ndugu wajumbe? Wanalala tu. Hawafanyi fujo, hawafanyi lolote. Tunahangaika kutafuta ndoa ya mfano, kumbe iko hapa mjini kwetu."

Vidole vikagonganishwa ukumbi mzima. Dai la talaka likatupwa, na Mwanakheri akakabidhiwa mto wa heshima, wenye taraza ya hariri pembezoni. Niliinuka kusema, bawabu akanishika kiwiko akanikalisha. Niliona kwamba katika ukumbi ule mtu mmoja tu hakugonganisha vidole. Daktari Mtulia alikuwa anatazama viatu vyake, kama mtoto aliyeshikwa na kosa.

Nilitoka nimejaa hasira, nikazunguka nyuma ya ukuta wa wizara ili nipate pa kutema maneno. Huko nikakuta soko ambalo serikali haina habari nalo, ingawa madirisha yake yote yanalitazama. Wanauza mizizi, magome, unga wa kijani, unga mwekundu, na chupa zilizoandikwa "Heshima ya Nyumba", zote dawa za kuamsha hamu ya chumbani. Wateja walikuwa wengi, na muuzaji anamsalimu kila anayefika kwa swali moja: "Umetumwa?" Naye anajibu, "Nimetumwa," analipa, anaficha kifurushi kwapani, anaondoka. Makarani wametumwa, walimu wametumwa, mjumbe mwenye mabinti nyumbani naye nilimwona ametumwa. Nilimuuliza muuzaji ni nani huyo anayeituma nchi nzima. Akacheka mpaka akakohoa, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza kukisikia tangu niingie nchini humo.

Kisha nikamwona Shaweji, ameshika gome mkononi.

"Na wewe umetumwa na nani?" nikamuuliza.

Alitaka kukimbia, lakini mimi nimeshakamata mabibi harusi waliotaka kutoroka kupitia dirishani, sembuse seremala. Tukaenda hadi karakana yake, tukakaa juu ya mbao.

"Huyo mwanamke wako ni nani?" nikaanza.

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mwanamke gani, Somo? Nampenda mke wangu. Akiingia mlangoni najua kwamba nampenda, kama ninavyojua kwamba leo ni Jumanne. Lakini kujua ndiko kulikobaki. Hamu imekatika. Nikijilazimisha, mwili unakataa. Siku ukikubali, nahangaika, nahangaika, sifiki popote, naye analala pale anafikiri ni yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze tembe."

Sasa lile neno la uani, tangu apone, likanirudia, na niliona aibu. Nilimfukiza mwanamke wa watu udi kwa ajili ya tatizo ambalo udi hauliwezi.

"Ulimwambia daktari?"

"Nilimwambia. Nilichomoza kichwa nikasema, daktari, siku hizi tunalala tu. Akaninong'oneza hongera."

Nilicheka. Naye alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeshafanya. Tembe nimezimwaga chooni, juma lililopita. Mwanamke haolewi na kichwa, Somo."

"Na Mzizimo ukirudi?"

"Urudi. Bora nimpe mume, hata kwa siku chache, kuliko kumkalisha na shukrani."

Niliogopa. Nimekaa na watu wenye shida za chumbani maisha yangu yote, na sijawahi kumwona mtu anayeweka uhai wake upande mmoja na kitanda upande wa pili, akachagua hivi kwa utulivu. Nilimsihi azirudie, akanishukuru. Nilimkaripia, akanishukuru.

Haikuchukua muda. Alianza kusema kwamba kitu kama umeme kinapita kichwani akigeuza macho. Alipata kizunguzungu, randa ikamtoka mkononi. Hamu aliyoingojea haikuja. Uliokuja ni Mzizimo. Siku tuliyomkuta amekaa chini, uso ukutani, na chai imepoa pembeni yake, nilimvuta Mwanakheri uani nikamwambia yote.

"Kumbe alikuwa ananitaka," akasema, na machozi yakamdondoka kwenye kanga. Kisha hasira ikampanda, na nilifurahi kuiona, maana hasira yake naifahamu tangu akiwa kigori. "Anataka kunipa mume wa nusu saa, aninyang'anye mume wa maisha? Mpumbavu huyu! Nani kamtuma?"

Akajifunga kibwebwe, akamwinua Shaweji, akamwosha uso, akamshika mkono kuelekea zahanati. Mimi nilifuata nyuma na sikutoa ushauri wowote.

Foleni ilikuwa ndefu, watu wameketi kwenye mabenchi wametulia. Zamu yetu ilipofika Shaweji akaingiza kichwa kwenye tundu. Upande wa pili tukamsikia Daktari Mtulia.

"Umetulia?"

"Nimetulia," Shaweji akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeko mbali.

"Unalala?"

Mwanakheri akaupiga ubao kwa kiganja, ukatikisika wote.

"Daktari! Kichwa hicho unachozungumza nacho kina mwili, na mwili uko huku kwangu. Tembe zako zilimponya, na nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini zimemzima. Hana hamu, hasimamishi, na akisimamisha hamalizi. Ameona aibu kukwambia, akazimwaga chooni. Mzizimo umerudi. Uso wake unauona. Sasa niambie, utakiuliza tena hicho kichwa kama kinacheka?"

Kwenye mabenchi mzee mmoja aliziba masikio, lakini aliyaziba baada ya kusikia.

"Mama," daktari akasema, "sheria hainiruhusu."

"Basi mwite aliyeitunga aje kumshika kiunoni kisimani. Mimi nilishika mara moja, peke yangu. Sina hakika kama nitawahi mara ya pili."

Tukasikia kiti kinasogezwa. Hapakuwa na njia ya kupita, kwa kuwa ubao ulifika ukuta hadi ukuta. Ilimbidi Daktari Mtulia atoke kwa mlango wake, azunguke jengo lote juani, aingie kwa mlango wa wagonjwa na kupita katikati ya foleni akiwa na koti lake jeupe. Humo zahanatini hakuna aliyewahi kumwona daktari kiunoni kwenda chini, na wengine walishangaa kwamba naye ana miguu. Akachuchumaa kando ya Shaweji, ambaye kichwa chake kilikuwa bado upande wa pili kinatazama kiti kitupu.

"Toa kichwa, ndugu yangu," akamwambia. "Tuzungumze."

Shaweji akakitoa. Daktari akamuuliza maswali kwa sauti ya chini, ya kichwa na ya mwili, bila kuruka kitu. Alimuuliza wazi kama anawaza kisima. Shaweji akasema ndiyo. Mwanakheri akamkamata mkono na hakuuachia tena.

"Sikilizeni nyote wawili," daktari akasema. "Hili si kosa la mume wala la mke. Mzizimo wenyewe unakula hamu. Na tembe, kwa watu wengi, zinaigusa pia. Kuna dozi ndogo zaidi, kuna tembe za aina nyingine, kuna wakati wa kungojea mwili uzoee. Tutajaribu. Lakini kuziacha ghafla, peke yako, usirudie tena. Leo unaanza upya, na mkeo hakuachi peke yako hata dakika mpaka nikuone tena."

"Mlijua kwamba zinafanya hivi?" Mwanakheri akamuuliza.

"Tulijua."

"Mkakaa kimya?"

"Hakuna aliyeuliza."

"Na nyinyi, mliuliza?"

"Hatukuuliza," akasema. Nilimheshimu kwa kutotafuta kisingizio.

Shaweji alimgeukia mkewe. "Nilidhani mimi nimekwisha."

"Nami nilidhani mimi ndiye niliyechakaa," akasema Mwanakheri, na wakalia wote wawili mbele za watu, katika nchi ambayo hata kupiga chafya kwa nguvu ni utovu wa adabu.

Ndipo mwanamke mmoja mtu mzima, aliyevaa vizuri, mwenye miwani ya dhahabu, alipoinuka kwenye benchi la nyuma. "Daktari," akasema, "kule sokoni, mimi sikutumwa."

"Wala mimi," akasema mwanamume aliyekaa mbali naye.

"Nami sikutumwa," akasema yule mzee, akashusha mikono kutoka masikioni.

Daktari Mtulia aliendelea kuchuchumaa nyuma ya ubao mpaka jua likaelekea magharibi, na kila mgonjwa aliyefuata alikaa huko huko.

Msomaji asidhani yakawa maajabu. Tembe za kwanza zilirudishwa, Shaweji akanyanyuka polepole, nasi tukamlinda kwa zamu. Aliposimama imara daktari akaanza kumbadilishia, taratibu. Aina ya pili ilimkausha kinywa na kumnyima usingizi, akawa mkali kama mwalimu mkuu. Siku moja aligombana na mkewe kuhusu chumvi, sauti ikasikika barabarani, na Mwanakheri alinisimulia ugomvi huo kwa furaha kubwa. Serikali nayo ilichukua hatua zake. Mheshimiwa Kisogo alimwita Daktari Mtulia ajieleze, lakini wagonjwa wake walikwenda wote wakajaa kwenye mazulia, na kikao kikaahirishwa. Kisha ikaundwa kamati ya kuchunguza kama mtulinga ni sehemu ya shingo. Mpaka naondoka ilikuwa haijakubaliana, ila mbao zilikuwa zimeanza kutoweka katika zahanati, na maseremala waliozichukua walisema ni mbao nzuri.

Siku ya safari yangu nilikwenda kuwaaga. Ilikuwa mchana, saa ambayo Shaweji huwa karakana na Mwanakheri huwa jikoni. Karakana ilikuwa imefungwa. Jikoni moto ulikuwa umeachwa, sufuria ya mchuzi inaungua. Nikaiteremsha, nikaenda kubisha mlango wa mbele.

Nikabisha tena.

"Nani?" ilikuwa sauti ya Mwanakheri, kutoka ndani kabisa.

"Mimi, mwanangu. Nimekuja kuaga. Nasafiri sasa hivi."

Nikasikia mnong'ono, halafu kicheko kilichozibwa kwa kiganja, halafu sauti ya Shaweji, kubwa, isiyo na shukrani hata chembe.

"Somo, nenda salama! Usibishe tena!"

Sijawahi kufukuzwa mlangoni na mtu yeyote nikafurahi hivyo. Nikaweka kifurushi cha udi kizingitini, nikachukua mzigo wangu, nikaenda zangu.